Bi Lenzi na Hesabu ya Kilimia

Saa mbili usiku, mwezi wa kwanza, Bi Lenzi alikuwa juu ya paa la jengo lao, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji, ameziba jicho la kulia kwa kiganja na kuinua uso mpaka shingo inamuuma. Alihesabu, akapata mbili. Akashusha kichwa, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akahesabu upya. Mbili.

"Haiwezekani," alisema. Hakukuwa na wa kumjibu ila shuka la jirani lililokuwa likipigwa na upepo.

Alichokuwa akihesabu ni Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho mtu akikitupia macho harakaharaka hudhani ni kipande cha wingu, mpaka atulie ndipo nyota zianze kujitenga moja moja. Alikuwa amekihesabu kila mwaka kwa miaka thelathini na miwili, na hakufanya hivyo kwa kujifurahisha. Kwake ulikuwa mtihani.

Alipokuwa msichana wa miaka ishirini na minne alikwenda kuomba kazi kwenye duka la miwani. Mwenye duka, fundi mzee aliyekaushwa vidole na unga wa kusugulia vioo, hakutaka hata kuona cheti chake. Alimwambia akae kwenye benchi asubiri jua lizame. Binti akasubiri, njaa inamkwaruza, akidhani anafanyiwa mzaha. Giza lilipoingia mzee alimtoa uani, akamwonyesha angani.

"Fumba jicho moja. Zile pale ziko ngapi?"

"Saba."

"Hesabu tena, usinitajie za kusikia."

"Saba. Na kuna nyingine pembeni kama ya nane, ila hiyo siwezi kuiapia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wengi wanaishia sita. Kesho asubuhi njoo na nguo ya kuchafuka."

Ndivyo alivyopata kazi, na baadaye jina. Mashine ya kupimia lenzi ina tundu moja la kuchungulia, kwa hiyo kila fundi ana jicho lake analolitumia. La kwake lilikuwa la kushoto. Yule mzee aliliita jicho la kazi, akamwonya alitunze kuliko anavyotunza nywele zake. Tangu hapo kila mwezi wa kwanza ulipofika, Bi Lenzi alipanda mahali pa juu, akaziba la kulia, akahesabu, kisha akaandika idadi kwenye bahasha tupu ya lenzi aliyoificha kabatini chini ya vitambaa vya meza. Miaka mingi iliandikwa saba. Ikaja sita. Ilipojengwa ile barabara pana ya kuzunguka mji ikawa tano, na mwaka uliopita ikawa nne. Kila iliposhuka alipata cha kusingizia: vumbi, moshi, mawingu, uchovu. Lakini kutoka nne mpaka mbili kwa mwaka mmoja? Hapo visingizio vilimwishia.

Akabadilisha mkono, akaziba la kushoto, akatazama kwa la kulia. Tatu. Badala ya kumtuliza, ile tatu ilimvuruga zaidi. Kama lile jingine nalo linaona tatu tu, basi huenda macho yote mawili yanakwenda. Au huenda ni mbingu yenyewe. Aligeuka huku na huku. Upande wote wa chini anga lilikuwa limepauka kama maji ya kuoshea mchele, na weupe ule ulipanda mpaka karibu na utosi.

Nyumbani, ghorofa ya nne, mumewe alikuwa amejilaza kwenye kochi na suruali yake ya kazi yenye madoa ya rangi kumi na mbili. Alikuwa fundi rangi wa majumba, mtu wa maneno mengi na usingizi mwepesi kuja.

"Umepata ngapi mwaka huu?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Tano," alidanganya.

"Si mbaya. Sasa njoo ule, nyota zenyewe hazijui hata kama zinahesabiwa."

Bi Lenzi alikaa mezani akala vijiko vitatu, akainuka kufunga dirisha, akarudi, akainuka kulifungua. Mumewe alifumbua jicho moja akamtazama, kisha akalifumba.

Kuanzia siku ile akawa hakai akatulia. Njiani kwenda kazini alisoma namba za magari kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Alisoma mabango, majina ya maduka, maandishi madogo kwenye chupa za dawa. Jioni alipanda paani, na kama kulikuwa na mawingu alishuka akapanda tena baada ya nusu saa, mpaka jirani wa ghorofa ya tano akamuuliza kama ameibiwa nguo. Usiku alilala chali akitazama mstari wa taa ya barabarani uliopenya juu ya pazia na kukata dari, akijiuliza kama ukingo wa mstari ule umefifia au ndivyo ulivyo. Hakumwambia mtu. Fundi wa miwani asiyeona ni sawa na fundi saa mwenye mikono inayotetemeka. Habari zikitoka tu, wateja wanahama.

Mwezi haukuisha kabla mambo hayajaharibika kazini.

Mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayevaa shati lililopigwa pasi hadi kwapani, alirudisha miwani aliyoichukua wiki moja nyuma.

"Bi Lenzi, samahani, ubao umepinda."

"Ubao gani, mwalimu?"

"Ubao wangu wa darasani. Nikichora mstari ulionyooka, mimi nauona unapanda mlima. Wanafunzi wananiambia uko sawa. Na ngazi za shule nusura zinitoe meno."

Bi Lenzi aliipokea ile miwani. Alijua palepale ni nini: lenzi ya mtu kama yule ina upande wa juu na upande wa chini, na ikikatwa ikiwa imezunguka nyuzi chache tu, dunia inaegemea. Alijua pia ni nani aliyeikata. Akatabasamu.

"Ni fremu hii, mwalimu. Imepinda kidogo. Umeikalia?"

"Sidhani..."

"Zinapinda zenyewe siku hizi, plastiki hafifu." Akaipasha fremu moto, akaikunja mbele yake, akaikunjua, akamvalisha, akamrekebishia nyuma ya masikio. Mwalimu akashukuru akaondoka. Bi Lenzi alibaki ameshika kaunta kwa mikono miwili.

Baada ya siku mbili mwalimu alirudi, na safari hii alimkuta Bosi. Bosi alikuwa mtoto wa yule fundi mzee, ambaye sasa alikuwa marehemu. Bi Lenzi alimjua tangu akitambaa chini ya meza za karakana na kumeza skrubu za fremu, na mpaka leo, ndevu zikiwa zimeanza mvi, Bosi alimwita shangazi. Aliichukua miwani, akaiweka kwenye mashine ya kupimia, akainama, akazungusha gurudumu polepole. Kisha akafanya tena.

"Imezidi nyuzi kumi na tano, shangazi," alisema kwa sauti ya chini, mwalimu alipotoka. "Karatasi ya daktari inasema kumi. Wewe umekata ishirini na tano."

"Nilichoka siku ile."

"Na hii nayo ulichoka?" Akatoa nyingine kwenye droo. "Na hii? Hizi sikukuambia. Nilizirekebisha mwenyewe."

Bi Lenzi alichukua kitambaa akaanza kufuta mashine ambayo ilikuwa safi. Alipanga bisibisi, akazipangua. Mwisho akasema, "Naomba ruhusa ya siku tatu. Nataka kwenda kumwona mdogo wangu."

Bosi alifunga droo. "Nenda," alisema.

Mdogo wake Bi Lenzi alikuwa mkunga wa zahanati, mjane, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya nyuma ya vilima, saa sita za basi kutoka mjini. Umeme ulifika kwake kwa waya mmoja na taa tatu, na ukitoka nje ya kibaraza tu ulikuwa umekwisha. Walikuwa hawajaonana mwaka na miezi. Alipomwona dada yake anaingia uani na kibegi, alipiga kelele za furaha, akamkumbatia, akamvuta ndani, akaanza kumpa habari za watu wote waliozaa na waliokufa. Bi Lenzi aliitikia "ehee" na "masikini," lakini kila dakika chache macho yalimponyoka kuelekea mlangoni, kutazama jua limebakiza nini.

Lilipozama hakungoja hata chakula. "Nakuja," alisema, akatoka.

Mwanzoni hakuona kitu, giza lilimziba kama gunia. Alisimama katikati ya uwanja akisubiri macho yazoee. Na yalipozoea, alirudi nyuma hatua moja. Nyota zilikuwa nyingi mno. Zilijaa mpaka kwenye migongo ya vilima, kubwa na ndogo, na nyuma yake nyingine ndogo zaidi, na ule mkanda mweupe unaokatisha anga ambao alikuwa hajauona kwa miaka mingi hata akausahau, kama mtu anavyosahau sura ya nyumba aliyopanga zamani. Alitafuta Kilimia akakipata upande wa kaskazini, juu. Akaziba jicho la kushoto, akatazama kwa la kulia.

Saba. Saba bila kubahatisha, na ya nane pembeni.

Alicheka peke yake gizani. Kumbe ni mji! Kumbe macho ni mazima, ni zile taa tu! Akabadilisha mkono haraka, akaziba la kulia, akafungua jicho la kazi.

Hapakuwa na nyota hata moja pale, hata zile mbili alizozipata mjini. Palikuwa na doa, kama mtu amegusa kioo kwa kidole chenye mafuta. Alipepesa. Akafuta machozi yaliyotokana na kicheko. Doa lilibaki doa.

Usiku ule alitoka nje mara nne. Mara ya nne, alfajiri inakaribia na Kilimia kimekwishazama, mdogo wake alimfuata kibarazani akiwa amejifunga shuka.

"Dada, una nini? Mbwa wa watu wamebweka mpaka wamechoka."

"Sina kitu."

"Usinipige chenga. Umekuja saa sita zote, hujanitazama usoni hata mara moja. Hukuja kuniona mimi, umekuja kuona nyota."

Bi Lenzi alitaka kukataa. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya kibaraza akasema yote, kuanzia bahasha chini ya vitambaa mpaka miwani ya mwalimu. Hakuruka hata pale alipoikunja fremu mbele ya mtu na kumsingizia kwamba ameikalia.

Mdogo wake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye taa ya kibaraza kama anavyofanya kwa wagonjwa wake.

"Fungua vizuri. Tazama juu. Ah!" Akamwachia. "Dada, una ukungu humu unaonekana hata na mimi mzalisha watoto. Huu si mtoto wa jicho? Unakaa na watu wa macho kila siku, hakuna hata mmoja uliyemwambia akuangalie?"

"Ningemwambia nani? Wangenitoa kwenye mashine."

"Na sasa wamekuacha kwenye mashine, ukapotoshea watu ngazi."

Hilo lilimwingia. Alirudi mjini siku iliyofuata badala ya ya tatu, na kutoka kituo cha basi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani, kibegi mkononi, akamkuta Bosi anafunga vitabu vya oda.

"Jicho langu la kushoto limekwenda," alisema akiwa bado mlangoni. "Nilijua, nikanyamaza. Na mwalimu nilimdanganya."

Bosi alishusha kalamu. "Shangazi, ungeniambia."

"Ndiyo ninakuambia."

Alimtoa kwenye mashine siku ileile, hakuwa na namna. Akamweka mbele, kaunta, kuwavalisha watu fremu na kuwaambia zimewapendeza. Bi Lenzi aliona ni adhabu kubwa kuliko kufukuzwa. Huko nyuma karakana mashine ilinguruma na maji yalimwagika juu ya lenzi, na yeye yuko huku anamshikia kioo msichana anayejaribu fremu ya ishirini na moja. Hakuketi. Alizunguka kaunta mpaka Bosi akamwambia anawapa wateja kizunguzungu.

Daktari wa macho, mwanamke mwenye haraka na mikono baridi, alimwangazia taa, akaandika. Ni mtoto wa jicho, alisema, amekomaa upande wa kushoto, upande wa kulia ndiyo kwanza anaanza, manjano kidogo tu. Kinatolewa hicho kilichochafuka, kinawekwa kingine cha kutengenezwa.

"Lenzi," alisema Bi Lenzi.

"Ndiyo, lenzi."

"Ya nguvu gani? Mmepima mara ngapi? Nani anapima?"

Daktari aliinua uso. "Mama, wewe ni nani?"

Aliposikia kwamba ni fundi wa miwani, alicheka, akamwonyesha namba zote, akamwacha azisome mwenyewe kwa jicho la kulia. Operesheni ikapangwa mwezi wa nne.

Ilipita salama. Asubuhi walipomtoa bandeji alitaka kwenda nyumbani kwa miguu, mumewe akakataa, wakabishana, wakapanda gari. Jioni ilipoingia Bi Lenzi alisimama dirishani, akatazama barabara, akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji.

"Wamefanya nini?"

"Nani?"

"Taa! Wamebadilisha taa za barabarani! Zimekuwa nyeupe!"

Mumewe alikuja na kijiko mkononi, akachungulia. "Mke wangu, hizi zimebadilishwa miaka miwili sasa. Mtaa mzima ulipiga kelele, hukusikia?"

"Nilisikia. Mimi niliziona za manjano kama zamani. Nikadhani watu wanatia chumvi."

Alipoziba la kushoto, taa zilirudi manjano; alipoziba la kulia, zikawa nyeupe. Sasa kila kitu kilimkata: nguzo, kuta, bati la kibanda cha mlinzi, vyote vyeupe kama meno. Macho yake, moja kwa ukungu na jingine kwa manjano, yalikuwa yamemfichia mji miaka miwili mizima. Alitaka kupanda paani palepale ahesabu, akakumbuka kwamba hakuna cha kuhesabu. Kilimia kilikuwa kimekwisha kushuka magharibi, na kwa wiki nyingi kingekuwa kinapita angani mchana pamoja na jua. Kingerudi katikati ya mwaka, upande wa mashariki, kabla ya kucha.

Wiki zile zilikuwa ndefu kuliko miaka. Mumewe alimpa kazi ya kumchagulia rangi, akazichambua nyeupe hadi akagundua nyeupe nane mahali ambapo fundi rangi mwenyewe alijua tano. Mwezi wa sita Bosi alimwita karakana, akamwekea karatasi kumi za daktari mezani. Bi Lenzi alikata lenzi zote kumi. Bosi akazipima moja baada ya nyingine, Bi Lenzi akiwa amesimama nyuma yake, akimpumulia shingoni.

"Kaa chini basi, shangazi."

"Pima."

Zote zilikuwa sawasawa. Ya kumi na moja alikata bila kuambiwa, ikawa ya pili ya yule mwalimu, ambaye Bosi alikwisha kumrekebishia ile ya kwanza. Akaipeleka mwenyewe shuleni, akamkuta anasahihisha madaftari, akamvalisha.

"Fremu haikuwa imepinda," alimwambia. "Ni mimi sikuwa naona, na nikakudanganya. Nisamehe."

Mwalimu alitazama ubao, akatazama mlango, akatazama pembe za chumba. "Siku zile nilikuwa nimeshaanza kuzoea mlima," alisema. Kisha, kwa upole wake uleule, "Lakini ngazi zile, mama, ziliniogopesha sana." Bi Lenzi aliinamisha kichwa. Hilo hakulisahau, wala hakutaka kulisahau.

Katikati ya mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, alipanda paani. Baridi ya matangi ilimpata mgongoni. Kilimia kilikuwa upande wa kaskazini mashariki, kimekwisha kupanda vizuri. Aliziba la kulia kwanza, kama alivyofundishwa. Tatu. Akaziba la kushoto. Tatu.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Macho yalikuwa yamekubaliana. Kilichobaki sasa kilikuwa ni mji, na kwa mara ya kwanza aliutazama kama anavyotazama lenzi mbovu, akitafuta ni wapi hasa pamekosewa. Hakuchukua muda kuona. Upande uleule wa kaskazini mashariki, mtaa wa pili, lilikuwa duka kubwa la samani, na kwenye uwanja wake kulikuwa na taa nne za mwanga mkali zilizofungwa chini na kuelekezwa juu, zikipiga ukuta, zikipita ukuta, zikienda zake. Hakukuwa na mtu wa kununua kabati saa kumi na moja alfajiri.

Alikwenda asubuhi hiyohiyo kabla ya kazi. Meneja, kijana mnene mwenye simu mbili, alimsikiliza kwa nusu ya sikio.

"Mama, zile ni za usalama. Wezi wanaogopa mwanga."

"Mlinzi wako naye anaona?"

"Anaona kila kitu."

"Nitakuja leo giza likiingia. Tuone sote."

Alikuja kweli, akamburuta na mumewe. Akamwomba meneja asimame getini, mahali pa mlinzi, naye akamwambia mlinzi akajifiche popote uwanjani kama mwizi. Meneja alikaza macho, akainua kiganja kujikinga, akasogea kulia, akasogea kushoto.

"Yuko nyuma ya yale makochi," alisema.

"Niko hapa, bosi," alijibu mlinzi. Alikuwa amesimama wima hatua sita mbele yake, pembeni ya taa ya pili, bila kujificha hata kidogo.

Mumewe Bi Lenzi alicheka kwa sauti, akakanyagwa mguu. Meneja hakucheka. Alirudia jaribio mara mbili zaidi, mara ya mwisho akiwa yeye ndiye amesimama karibu na taa na mlinzi yuko getini.

"Hukunipata?"

"Nilisikia viatu tu, bosi."

Bi Lenzi alimweleza, akichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti ya gari: mwanga ukimwingia mtu usoni jicho linajibana, na jicho likijibana giza la pembeni linakuwa giza maradufu. Shusha taa chini, ziinamie uwanja, zitie kofia. Utamwona mwizi na kivuli chake. Meneja alisema ataangalia. Wiki nzima hakuangalia. Bi Lenzi alipita kila asubuhi akimsalimu kwa kumtazama tu, mpaka siku ya nane fundi umeme akaonekana na ngazi. Taa mbili ziliinamishwa zikatiwa kofia za bati. Mbili nyingine ziliachwa kwa sababu, alisema meneja, ukuta ulikuwa umepakwa rangi ghali na lazima uonekane.

Mwishoni mwa mwezi ule, alfajiri isiyo na mwezi, Bi Lenzi alihesabu nne. Alimwamsha mumewe ashuhudie. Mume alipanda na shuka mabegani, akatazama, akasema anaona mbili na tangi la maji, lakini alikaa naye mpaka kukapambazuka.

Nne hazikumtosha. Ningependa kusema alipata utulivu, ila nitakuwa ninawadanganya. Alianza kutembea jioni akitazama nguzo. Zile za barabara yao, alizozipima kwa kivuli chake mwenyewe, zilikuwa zimefungwa zimeinua uso kidogo, kama watu wanaosubiri mvua. Zingeinamishwa nyuzi kumi tu, barabara ingepata mwanga zaidi na paa lao lingepunguziwa. Akaandika barua. Ofisi ya taa za jiji ikamgongea muhuri wa kupokea. Baada ya mwezi akaenda kuuliza, akaambiwa mhandisi yuko kwenye mkutano. Akaenda tena, mhandisi yuko nje kikazi.

Mara ya tatu aliambiwa asubiri. Ilikuwa saa sita mchana. Chumba cha kusubiria kilikuwa na madirisha mapana yasiyo na mapazia, jua limejaa mpaka chini ya viti, na darini taa ndefu nane zinawaka zote. Watu sita walikuwa wamekaa wakitazama simu zao. Bi Lenzi alikaa dakika tano, akasimama, akakaa. Alihesabu taa, akazihesabu tena. Kisha akainuka, akafuata ukuta mpaka karibu na kabati la mafaili, akaona swichi, akaibonyeza.

Hakuna aliyeinua kichwa. Ni karani peke yake, nyuma ya kioo, aliyesikia ule mlio mdogo.

"Nani kazima taa?"

"Mimi," alisema Bi Lenzi.

"Mama, hairuhusiwi. Zinatakiwa ziwake muda wa kazi."

"Unaniona?"

Karani alimtazama, akatazama dirisha, akatazama dari. "Nakuona."

"Barua umeiona?"

Karani akavuta rundo la karatasi lililokuwa pembeni, akaanza kupekua. Bi Lenzi alirudi kukaa, lakini kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini, mguu mmoja ukigonga sakafu.